Jembe la Wageni

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Bibi yangu mzaa mama hakuwa na subira hiyo. Kwake jembe lilitoka siku ya kwanza, mara nyingi kabla chai haijachemka.

Lilikuwa jembe dogo, limelika hadi likabaki upana wa kiganja, na mpini wake wa mwati ulikuwa umelainishwa na mikono ya watu ambao wengine hatukuwahi kuwajua majina. Lilikaa nyuma ya mlango wa jikoni, peke yake. Majembe ya nyumbani yalikaa kwenye banda la mbuzi. Ukifika, ukishasalimia na kutua mzigo, Bibi alikuuliza habari za ulikotoka mpaka aridhike, kisha akasema kama mtu anayekutuma chumvi dukani: "Hebu nishikie mstari mmoja pale wakati maji yanachemka." Mstari mmoja wa maharage. Ukiwa na viatu vya ngozi alikupa ungo uchambue. Ukiwa mzee alikupa mahindi upukuchue. Nilimshuhudia kwa macho yangu afisa mmoja wa mikopo, kafunga tai, amekuja kudai marejesho ya kikundi cha akina mama, akapukuchua karibu nusu debe huku akieleza mambo ya riba. Marejesho hakuyapata siku ile. Aliondoka na maboga mawili.

Nilipokuwa mdogo niliona aibu. Nilimuuliza kwa nini anawafanyisha watu kazi, tena watu wazima. Akanijibu: "Mtu akikaa bure anaanza kuhesabu matonge. Akila la tatu anaona namwangalia. Akishashika kazi kidogo, ugali ni wake, anakula hadi ashibe."

Tangu alipofariki, mwaka 2019, kila anayemtaja anaanza na neno hilo hilo: mkarimu. Mchungaji alilisema, mwenyekiti wa kijiji alilisema, na kwenye kundi letu la ukoo la WhatsApp hurudi kila mwaka na picha ya mshumaa. Ni kweli, lakini naona watu wanalitamka kama wanavyosema kwamba alikuwa mrefu. Kana kwamba alizaliwa na ukarimu huo, haukumgharimu kitu, wala haukumgharimu mtu mwingine yeyote. Mimi nimeyasugua masufuria yale kwa majivu. Mama yangu aliyasugua kabla yangu. Kwa hiyo nina la kusema.

Bibi alizaliwa Jimbo la Nyanda za Juu Kusini, akazeekea Mkoa wa Iringa, akafia Mkoa wa Njombe, na katika maisha yake yote alihama mara moja tu, mwendo wa kilomita mbili. (Mkoa wa Njombe ulipoanza mwaka 2012 aliuliza kama kodi nayo imehama.) Kitambulisho chake kilisema amezaliwa tarehe 1 Julai 1938, tarehe ambayo karani aliiweka kwa sababu fomu ilidai tarehe.

Hizo kilomita mbili ndizo zilizofanya maisha yake yawe yale tuliyoyajua. Alipoolewa walikaa bondeni, karibu na chemchemi, nyumba zimetawanyika kila mtu na shamba lake. Mwaka 1974 ikaja Operesheni Vijiji. Wakaambiwa wasogee juu, barabarani, wakae pamoja kama kijiji. Nyumba za bondeni ziliezuliwa ili mtu asishawishike kurudi. Babu alibeba milango, Bibi alibeba kuku na mbegu. Kwa siku moja maji yakawa mbali na wageni wakawa karibu. Hayo mawili yaliongozana nyumbani kwetu miaka arobaini na mitano, na atakayeandika habari za ukarimu wa Bibi bila kuiandika ndoo ya maji hajui anachokisema.

Barabara yenyewe ni ile inayotoka Makambako kwenda Njombe hadi Songea. Kabla ya lami kukamilika miaka ya 1980, masika yakikolea malori yalikwama siku mbili, tatu. Lami ilipokuja magari yakawa mengi na ya haraka, na kinachokwenda haraka kikiharibika huharibika vibaya: springi, difu, breki zilizoungua mlimani. Na kule kwetu gari likikufia usiku huwezi kulala nje. Msomaji wa Dar aliyezoea kulala na feni afahamu kwamba Njombe mwezi Juni na Julai asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe, na maji uliyoyaacha nje kwenye beseni yanaweka ngozi ya barafu. Ukiona taa, unabisha hodi. Taa ya kwanza baada ya kona ya mikaratusi ilikuwa ya Bibi.

Sasa nieleze ilivyokuwa inafanyika, kwa sababu watu hudhani ukarimu ni kufungua mlango tu na kusema karibu.

Kwanza ni mahindi. Walikuwa na ekari tatu za mahindi, moja ya maharage na viazi, na vipande vya miwati na mianzi. Mwaka mzuri, samadi imetosha na mbolea ya kukuzia imepatikana kwa wakati, ekari tatu zilitoa gunia arobaini. Mwaka mbaya, kumi na sita. Nyumba ya watu saba ilikula karibu gunia moja kwa mwezi. Bibi hakujua kuandika, lakini alikuwa na chupa mbili za mbegu za maharage. Kila gunia lililoshuka darini, mbegu moja ilihama kutoka chupa hii kwenda ile. Ukitaka kumwibia Bibi ilikubidi uibe na mbegu.

Mavuno yakishaingia, kabla ya kuuza hata kilo, alitenga gunia mbili. Hazikuwa za mtu. Zilikuwa za wale ambao hatujawajua bado, ndivyo alivyoziita. Zilipanda darini juu ya mafiga, moshi uzipate, bungua asiziguse. Fungu la kumi la kanisa lilifuata baada ya hapo, jambo ambalo sidhani kama alimwambia mchungaji. Nilipokuwa kidato cha pili nilimpigia hesabu: kilo mia mbili, mtu mmoja nusu kilo ya unga kwa siku, ni siku mia nne za mgeni mmoja, au usiku mmoja wa wageni mia nne. Nilitegemea ashangae. Akasema, "Ndiyo, kama hawana njaa sana."

Pili ni kuni na wakati. Mgeni wa mchana ana bahati, anapikiwa ugali wa dona na maharage, au majani ya maboga ya karanga, na akiwa mzito kidogo jogoo anakimbizwa. Mgeni wa saa tano usiku huwezi kumwambia subiri maharage yaive. Kwa hiyo kila jioni, mgeni awepo asiwepo, Bibi aliacha chungu cha maharage kwenye makaa yaliyofukiwa majivu, na kikapu cha viazi vilivyooshwa kando ya mlango. "Mgeni wa usiku ni wa viazi," alisema. Maji yakichemka tu, muda si mrefu mtu anamenya na kula na chumvi na chai. Miaka ya baadaye mama alimpelekea kutoka Mbeya mbegu ya maharage ya Njano Uyole, na Bibi aliisifia kwa jambo moja tu: kwake iliwahi kuiva. Ladha hakuitaja hata kidogo. Alipima mbegu kwa kuni.

Tatu ni ulanzi, kinywaji cha mianzi. Bibi alikuwa Mlutheri wa kukaa benchi la mbele, lakini mianzi ilikuwa ya Babu, na mvua zikinyesha machipukizi hukatwa ncha, unafunga mbeta, chombo cha kukingia, unarudi asubuhi na jioni kukinga na kukata tena kidogo. Ulanzi wa asubuhi ni mtogwa, mtamu, unampa hata mtoto. Ule ule ukiukalisha hadi jioni unakuwa kitu kingine, unamfanya mtu amkumbuke mkewe wa kwanza. Madereva wakamjua: "Bibi, tupe ule wa jana." Naye aliwapa wa leo asubuhi, kikombe kimoja, basi. Dereva aliyelala kwetu aliondoka na macho makavu. Hilo halikuwa na mjadala.

Na blanketi zilikuwa kumi na moja. Nazikumbuka kwa rangi. Mvua za Machi zikiwa kubwa, tulikuwa tunalala watoto wanne kwenye blanketi moja la kijivu lenye mistari ili zile kumi zitoke. Harufu ya dizeli ya blanketi siku inayofuata sijawahi kuisahau, na nakiri kwamba nikiwa na miaka tisa niliwachukia kabisa watu wa Songea, bila sababu nyingine yoyote.

Tabia hii aliitoa wapi? Yeye alikuwa na hadithi, tena mbili. Babu, kama vijana wengi wa Kibena wa wakati ule, alikwenda manamba kwenye mashamba ya mkonge. Mwaka wa pili barua zikakatika. Bibi, hajazaa bado, akafunga safari kumfuata. Katika hadithi ya kwanza aliishiwa nauli njiani, upande wa Kilosa, mama mmoja akamlaza siku tatu na kumpa mahindi apukuchue ili asijione ombaomba. Katika hadithi ya pili hakuna mama yeyote. Alibisha hodi nyumba tatu, akafukuzwa zote tatu, akalala chini ya mti na kisu mkononi. Alisimulia ya kwanza wageni wakiwepo. Ya pili alinisimulia mimi, usiku, tukimenya viazi, akiniita mke mwenzangu kama bibi wote wa kwetu wanavyowaita wajukuu wa kike. Sikuwahi kumuuliza ipi ndiyo yenyewe. Huenda zote mbili. Njia ya kwenda mkonge ilikuwa ndefu.

Nifike sasa kwenye usiku wa basi.

Ilikuwa Septemba 1985. Mama yangu alikuwa na miaka kumi na minne, wa tatu kuzaliwa, binti mkubwa aliyebaki nyumbani. Kesho yake alikuwa anafanya mtihani wa darasa la saba. Saa mbili usiku basi la kwenda Songea likavunjika springi kwenye kona ya mikaratusi. Wengine waligawanywa nyumba za jirani na kanisani. Kwa Bibi walikuja ishirini na watatu.

Mama alinisimulia mara moja tu, dukani kwake Mwanjelwa, Mbeya, akiwa anapiga pindo bila kuinua macho kwenye cherehani. Maji yalikuwa yameisha. Yeye na mdogo wake walishuka bondeni, kwenye chemchemi ile ile ya zamani, na taa ya chemli, mara tatu. Kushuka ni nusu saa. Kupanda na ndoo kichwani usiku ni zaidi ya hapo. Waliporudi mara ya mwisho kitanda chake kilikuwa kimeshapewa mwanamke mwenye kichanga. Akapika, akaosha, akalala jikoni juu ya magunia saa nane usiku. Saa kumi na moja alfajiri Bibi alimwamsha akoroge uji wa abiria. Akanywa na yeye, akaenda shule.

Enzi hizo nafasi za sekondari za serikali zilikuwa chache mno. Shule yao nzima walichaguliwa wawili, wavulana wote wawili. Mama hakuwa mmoja wao. Na kwa daftari zake ambazo Bibi mwenyewe alizihifadhi hadi anafariki, alikuwa akishika namba ya kwanza au ya pili.

"Sisemi nilifeli kwa sababu ile," mama alisema. "Nasema nililala saa nane." Akageuza nguo, akaendelea kushona.

Likizo iliyofuata nilikwenda kwa Bibi nikiwa nimejaa hasira za kurithi. Nilimuuliza waziwazi, kwa ujeuri kidogo. Hakukana lolote. Alinyamaza muda mrefu akisukuma kuni ndani, kisha akasema: "Kile kichanga kilikuwa na wiki tatu. Ulitaka nikilaze wapi?"

Nimelizungusha jibu hilo miaka mingi. Kila upande ninaolishikia linaniponyoka. Kichanga kililala pakavu, na mama yangu anashona sketi za shule za watoto wa wenzake. Yote mawili yametoka kwenye mlango mmoja.

Jambo moja niligundua nikiwa mkubwa. Kila mama alipokwenda kusalimia, Bibi alimpa kitanda chake mwenyewe na yeye akalala jikoni, juu ya magunia. Mama alikataa, Bibi alikuwa ameshatandika. Hakuna aliyesema sababu. Ilikuwa hivyo kila mwaka, hata Bibi alipokuwa na miaka sabini na kitu na magoti yanalia.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 walianza kuja wageni wa aina nyingine. Hawa hawakuharibikiwa na gari. Walikuja na basi zima, mchana kweupe, na begi moja na bahasha ya hospitali. Mama mkubwa alirudi kutoka Makambako mwaka 1999, akiwa mwembamba hadi pete inaanguka. Mjomba wa pili alirudi kutoka Mafinga. Wakafa, na wake au waume zao wakafa, na watoto wakabaki. Kwa watu wa Njombe sina haja ya kueleza. Hakuna ukoo ambao haukuchimba. Utafiti wa kitaifa wa 2011–12 ulikuta Njombe inaongoza kwa maambukizi ya VVU kuliko mikoa yote, asilimia 14.8 ya watu wa miaka 15 hadi 49. Lakini sisi tulikuwa tumeshahesabu kwa blanketi.

Bibi alibaki na wajukuu sita. Hapo Babu naye alikuwa ameshaondoka, kwa presha. Zile gunia mbili ziliendelea kutengwa, na ninasema hivi bila kusifu: kuna mwaka tulikula uji mara mbili kwa siku huku gunia la wasiojulikana liko juu ya vichwa vyetu linanuka moshi. Mjomba mkubwa alimfokea kwa ajili ya gunia hilo. Bibi alisema likishushwa mara moja halitapanda tena. Halikushushwa. Sijui hata leo kama alikuwa sahihi.

Siku moja walikuja watu wa shirika fulani na fomu, wanaandikisha yatima wapewe sare na daftari. Wakauliza, bibi, hapa kuna yatima wangapi? Akasema hakuna. Wakatazama watoto sita wamepanga mstari kama kengele ya shule imelia. Akasema tena hakuna, hawa ni wenye nyumba. Sare tukakosa. Mtendaji wa kijiji alimsihi, ni neno tu, Bibi, andika neno upate msaada. Alikataa, na mama yangu ndiye aliyeshona sare zile sita, usiku, kwa vitambaa vya kukopa.

Ila kuna kitu alikifanya ambacho fomu isingekiweza. Mtoto alipoletwa, macho yamevimba, hajui akae wapi, Bibi hakumpa lile jembe la nyuma ya mlango. Alimshika mkono hadi banda la mbuzi, akamchagulia jembe la nyumbani, akalikata mpini uwe wa kimo chake. Ndipo mtoto alipojua amefika.

Mdogo wao mjomba, wa mwisho kurudi, alikuja mwaka 2006 amebebwa. Huyo hakufa. Dawa za kufubaza virusi zilikuwa zimeanza kutolewa bure na serikali tangu 2004, na zikamkuta akiwa hai bado. Bibi alimlisha viazi vilivyopondwa na maziwa mpaka akaweza kukaa, na siku ya kwanza aliyoweza kusimama alimpa ungo wa maharage. Leo anafuga nguruwe na ana kelele nyingi kuliko sisi wote.

Msiba wa Bibi ulikuwa mwezi Julai, na baridi yake. Ningependa kuandika kwamba madereva wa malori walijaa, kwamba watu wa Songea walishuka kwenye mabasi wakilia. Hawakuja. Wangejuaje? Walikuwa wametawanyika nchi nzima, wengine wameshatangulia, wengi walikula ugali wake gizani na hata sura yake hawakuiona vizuri. Walikuja watu wa kijiji na wa kanisa, wanawake na unga vichwani na kuni mgongoni, na kazi ilifanyika vizuri. Malori yalipita usiku kucha, na kila moja liliposhusha gia kwenye kona niliinua kichwa.

Siku ya kuanua matanga wazee waligawa vitu. Blanketi, sufuria kubwa, zile chupa mbili. Walipofika kwenye jembe dogo mzee mmoja akauliza hili la nani. Ukimya. Binamu yangu, wa nne katika wale sita, ambaye ndiye amebaki na nyumba, alilichukua akalirudisha nyuma ya mlango bila kuomba ruhusa.

Mwaka jana nilikwenda kumsalimia, mwezi wa tatu, maharage yana majani matatu. Nilitua begi. Aliniuliza habari za Mbeya, za mama, za mafuta ya gari. Kisha akaingia jikoni, akatoka na jembe lile dogo, akanipa.

Nilitaka kusema kitu. Nimelala chini ya dari ile tangu sijaota meno ya mbele. Lakini yeye ndiye mwenye nyumba, na maji yalikuwa hayajachemka, nikaenda kushika mstari wangu. Mpini ulikuwa mfupi kuliko nilivyoukumbuka. Nikiwa pale nimeinama ndipo niliiona tena siku ile ya Machi 2018, mara ya mwisho mama na Bibi kuwa pamoja wakiwa wazima wote wawili.

Tulifika na mama saa nane mchana. Bibi alikuwa amekaa kwenye kibao kizingitini, fimbo mapajani. Mama akapiga goti, shikamoo, marahaba, habari zikaulizwa zote. Nikasubiri jembe. Bibi akasema, "Wewe kaa." Mama akauliza, nikae? "Kaa tu. Umechoka na gari." Sijawahi kumsikia akimwambia hivyo mtu yeyote.

Mama alikaa. Labda dakika tano. Alikuwa anaangalia shamba, mikono imelala kwenye khanga kama vitu vya kuazima. Kisha akasimama, akapita mlango wa jikoni na jembe lake la nyuma bila kuligusa, akazunguka hadi banda la mbuzi, akatoka na jembe kubwa la nyumbani, akavua viatu na kuingia kwenye maharage. Alipalilia mstari wa kwanza, wa pili, akaenda wa tatu. Bibi alimtazama tu. Sikuthubutu kusema neno.

Mama alipokuwa mbali kabisa, karibu na miwati, Bibi alinyanyuka. Nilitaka kumsaidia, akanizuia kwa fimbo. Akaingia jikoni, akatoka na kikombe cha bati kimejaa maji hadi juu, akaanza kushuka nacho shambani, fimbo mkono huu, kikombe mkono ule, magoti yake yale, akikanyaga taratibu kati ya mistari ili asiumize maharage. Nusu ya maji ilimwagika njiani. Mama aliinua kichwa akamwona anakuja. Hakumkimbilia. Alisimama wima, akaegemea mpini, akamsubiri hadi afike.